Kampuni Iliyoitwa Baba

Katika miji yetu ya shaba, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wazee walikuwa na neno moja juu ya kampuni. Walisema ndiyo baba yao, tena ndiyo mama yao. Hawakusema kwa mzaha. Mwaka 2001 profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alitoa kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga ya Juu, na katika jina lenyewe la kitabu aliwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Aliyesoma jina hilo siku zile hakuhitaji kuelezwa baba huyo ni nani.

Tumeona vema kuwasimulia tena mambo hayo kwa sababu ya neno tunalolisikia mara kwa mara vikundini mwenu. Kijana anakuja na barua mkononi, ameachishwa kazi, na tunapomwuliza habari hataji mshahara kwanza. Anasema: «Niliwatumikia kwa moyo wote. Mbona wamenitendea hivi?» Mshahara ukikatika, jirani, ndugu na parokia wanaweza kusaidia kidogo. Lakini swali lile humla mtu usiku. Sisi tuliofundishwa kazi ya ualimu tunajua kwamba swali gumu halijibiwi vizuri kabla ya kuuliza lilitoka wapi.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ilifika kutoka kusini, mji wa Élisabethville ukaanzishwa, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Kwa miaka mingi ya mwanzo hakuna mtu aliyeita kampuni ile baba. Watu waliletwa kwa mikataba mifupi, wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, wengine kutoka vijiji vya mbali vya Kongo ambako machifu walibanwa watoe vijana. Magonjwa yaliua wengi. Wengi walitoroka. Mtu alikuja, akafanya kazi miezi kadhaa, akarudi kwao kama bado mzima. Kama mngewauliza watu wale juu ya uaminifu kwa kampuni, wasingelielewa swali lenyewe.

Baba alitengenezwa baadaye, na alitengenezwa kwa hesabu. Karibu na mwaka 1928 wakubwa wa kampuni waliona kwamba kutafuta watu wapya kila mara ni gharama kubwa, kwamba vifo vinaharibu jina lao, na kwamba migodi mipya ya Waingereza ng'ambo ya mpaka inawavuta wafanyakazi walewale. Basi wakageuza njia. Wakatoa mikataba ya miaka mitatu. Wakataka mwanaume aje na mke wake. Wakajenga kampi za matofali, hospitali, kliniki za watoto wachanga, na shule ambazo kwa sehemu kubwa ziliongozwa na wamisionari Wabenedikto. Posho ikagawanywa kwa mume, kwa mke na kwa kila mtoto: unga, samaki, mafuta, chumvi. Mtoto aliyezaliwa kampini alipokelewa na mkunga wa kampuni, akanyweshwa dawa ya kampuni, akajifunza kusoma katika shule ya kampuni, na akikua akapimwa kama anafaa kwa kazi ya baba yake.

Hapa tuseme wazi jambo moja, maana linatuhusu. Kanisa letu lilikuwa ndani ya mpango huo. Makatekista wa wakati ule, waliotutangulia katika kazi hii, walifundisha utii kwa Mungu na utii kwa mkubwa wa kampi katika somo moja, na mara nyingi kwa sauti ileile. Hatuwahukumu. Shule zile ziliwapa maelfu ya watoto kalamu, na hospitali zile ziliokoa watu. Lakini kosa la kuchanganya utii wa namna mbili lilibaki ndani ya watu muda mrefu kuliko matofali ya kampi.

Nyumba ile ilikuwa na sharti. Aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba. Mjane alipaswa kuondoka. Mkubwa wa kampi aliweza kujua nani amelala wapi, nani amepiga mke wake, nani amepokea wageni bila ruhusa. Ulinzi na uangalizi vilikuja pamoja katika mfuko mmoja wa unga, na haikuwezekana kupokea kimoja na kukataa kingine.

Tena baba yule hakukawia kuonyesha sura yake ya pili. Bei ya shaba ilipoanguka ulimwenguni baada ya 1929, kampuni ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake Waafrika katika muda wa miaka michache. Watu waliokuwa wameambiwa juzi walete wake zao na kuishi hapa waliwekwa katika gari la moshi na kurudishwa walikotoka. Hawakuwa wamekosa lolote. Shaba ilikuwa imeshuka bei London na New York, basi.

Na Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipopanda na mishahara kubaki palepale, wafanyakazi waligoma Lubumbashi na katika vituo vingine. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira ambapo walikuwa wamekusanyika, askari waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale. Vijana wengi wa Lubumbashi hawalijui jina lake. Wangepaswa kulijua, kwa kuwa alikuwa mtu aliyesoma, mwenye cheo kizuri kwa Mwafrika wa siku zile, ambaye angeweza kunyamaza na kuendelea kupokea posho yake.

Baada ya vita mambo yalilegea, mishahara ikapanda, na kizazi kipya kikazaliwa kampini ambacho hakikujua kijiji. Hicho ndicho kizazi kilichosema baba na mama kwa moyo mweupe. Gazeti la kampuni liliitwa Mwana Shaba, na watu walijiita hivyo kwa fahari. Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, na baada ya majina kadhaa kampuni ikawa Gécamines. Bendera ilibadilika, wakubwa wakawa wana wa nchi, lakini posho, shule, hospitali na nyumba viliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Ukihesabu wake na watoto, huo ni mji mzima uliokula bukari kutoka ghala moja. Kijana aliyeoa binti akiwa na kazi pale hakuulizwa maswali mengi na wakwe.

Wazee wanapokumbuka miaka ile macho yao hung'aa, na sisi hatutaki kuwacheka. Walichopokea kilikuwa kweli. Mtoto aliyepona surua katika hospitali ya Gécamines alipona kweli.

Kisha nyumba ikaanguka. Fedha za kampuni zilikuwa zimetumiwa na serikali kwa mambo mengine muda mrefu, mitambo ilizeeka bila kutengenezwa, na Septemba 1990 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka 1991 askari na wananchi walipora miji. Mwaka 1992 na 1993 ikaja aibu ambayo bado hatujaimaliza kuungama: maelfu na maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala kwa miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari la moshi, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, wengine watoto na wajukuu wa watu walioletwa na kampuni yenyewe. Kati ya waliowafukuza walikuwapo watu waliofanya kazi nao zamu moja. Baba wa kampuni hakuweza kuwalinda, na wengine wanasema hakujaribu. Kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata tani 40,000.

Jambo linalotushangaza hata leo ni kwamba watu waliendelea kwenda kazini. Mshahara ulikosekana mwezi mmoja, mitatu, kumi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 wengi walikuwa wanadai zaidi ya miaka miwili. Asubuhi walivaa nguo ya kazi, wakatembea kwa miguu kwa sababu basi la kampuni halikuwapo tena, wakakaa karibu na mashine isiyozunguka, na jioni wakarudi. Wageni waliandika kwamba huo ni uaminifu wa ajabu.

Tumelifikiri jambo hilo mara nyingi, na hatuwezi kulisifu hivyo kirahisi. Aliyeacha kazi kwa hiari yake alihofu kupoteza hesabu yake ya mwisho ya miaka 25 au 30. Alihofu kupoteza nyumba, kitanda cha hospitali, nafasi ya mtoto shuleni. Mtu asiye na mlango mwingine akibaki ndani, tunajuaje kama amebaki kwa kupenda? Kulikuwa na uaminifu, ndiyo: kwa wenzake wa zamu, kwa mashine aliyoijua kama mkono wake, kwa jina lake mwenyewe la fundi. Lakini kampuni ilihesabu vyote hivyo kama uaminifu kwake, na mfanyakazi mwenyewe naye akahesabu hivyo. Akafikiri kwamba anaweka akiba mahali fulani, katika moyo wa baba, na kwamba siku moja atailipwa.

Siku ya malipo ilikuwa mwaka 2003. Nchi ilikuwa inatoka vitani. Sheria mpya ya migodi ilikuwa imetoka mwaka 2002, na Benki ya Dunia ilitaka Gécamines ipunguzwe ili makampuni ya nje yaingie. Kwa fedha za Benki hiyo, zaidi ya dola milioni 40, ukaanzishwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Zaidi ya watu 10,000, hasa waliotumikia miaka mingi, walitia sahihi.

Neno hiari tunalijua sisi wafundishaji wa dini. Tunaliuliza katika ndoa, na tunafundisha kwamba mtu aliyebanwa hakusema ndiyo. Mzee asiyelipwa miaka miwili, mwenye watoto wanne waliofukuzwa shuleni, akiwekewa karatasi na kalamu mezani, hiari yake ni ya namna gani? Wengi walilalamika baadaye kwamba kiasi walichopewa hakikufuata sheria ya kazi wala mapatano ya pamoja ya kampuni, kwamba wataalamu walitunga kipimo kingine ili fedha zilizopo zitoshe. Waliunda kamati, wakaandika barua, wakaandamana miaka mingi. Wengine wamekufa wakingoja jibu.

Fedha zilizolipwa zilikwenda upesi. Wapo waliolipa madeni ya miaka yote siku ileile waliyotoka benki. Wapo walionunua gari la zamani la kubeba abiria, nalo likafa kwenye barabara ya Kolwezi. Wapo waliofungua duka dogo mtaani ambamo kila jirani alikuwa naye ametoka Gécamines na amefungua duka dogo. Watu waliwacheka kwamba hawakujua kutumia fedha. Sisi tunauliza: wangejulia wapi? Kwa miaka 60 kampuni iliwapimia unga kwa kilo, ikachagua nyumba, daktari na shule ya watoto. Kisha katika siku moja ikawaambia wawe wafanyabiashara.

Waliobeba jamaa katika miaka hiyo walikuwa kina mama. Zamani kampini mwanamke alifundishwa kushona na kutunza nyumba, na biashara yake haikupendwa, kwa kuwa posho ya mume ilitosha na heshima ya mume ilitaka hivyo. Mshahara ulipokatika walikwenda kulima nje ya mji, kuuza unga, makala na samaki, kusafiri hadi mpaka wa Kasumbalesa na kurudi na mizigo kichwani. Profesa Dibwe alionyesha jinsi mamlaka ya baba nyumbani ilivyotikisika hapo. Baba alikuwa ameazima heshima yake kwa kampuni. Kampuni ilipoitwaa, wengine walibaki kitini wakiangalia ukuta, wengine wakanywa, na wengine wakainuka wakashika jembe nyuma ya mke wao bila kuona haya. Katika jumuiya zetu ndogo tuliwaona wote watatu. Hao wa mwisho hawakuwa na akili kuliko wengine. Kwa kadiri tulivyoweza kuona, walikuwa na kitu kingine tangu zamani: shamba la Jumamosi, kwaya, ufundi wa kutengeneza redio, deni la urafiki na watu wasio wa kampuni. Mambo hayo ambayo mkubwa wa kampi aliyaita upotevu wa wakati ndiyo yaliyowashika.

Ninyi mmezaliwa baada ya hayo. Hakuna kampuni inayowaita wana leo. Migodi mingi ya Kolwezi na Fungurume inaajiri sehemu kubwa ya watu kwa njia ya makampuni ya kati, kwa mikataba ya miezi michache inayofanywa upya au isifanywe. Unavaa kofia yenye jina la mgodi, lakini karatasi yako ina jina jingine. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilipoanguka, makampuni mengi ya Katanga yalifunga milango katika majuma machache. Mwaka 2019 Glencore ilisimamisha mgodi wa Mutanda, mmoja wa migodi mikubwa ya kobalti duniani, kwa sababu bei ya kobalti ilikuwa imeshuka na gharama zimepanda. Mwaka 2021 mgodi ukaanza tena. Mawe yalikuwa yaleyale wakati wote, na watu waliokuwa wamepoteza kazi hawakuwa wamefanya kosa. Ni jambo lilelile lililowapata wale wa gari la moshi baada ya 1929.

Ndiyo maana tunapomjibu kijana mwenye barua hatumwambii kwamba alikosea kufanya kazi kwa moyo. Fundi anayefanya kazi nusu anajiharibu mwenyewe kabla hajamharibia tajiri. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na thamani yake hutoka kwa anayeifanya. Tukilishika fundisho hilo, basi bidii yako ilikuwa yako. Uliyojifunza kwa mashine ile umetoka nayo getini, na mlinzi hakuweza kukupekua. Ulichokosea, kama ulikosea, ni kufikiri kwamba kampuni ina moyo wa kuweka akiba ndani yake. Kampuni ina daftari. Katika daftari hilo inaandikwa mikataba, nawe una haki ya kuisoma.

Na hapa tunawalaumu kidogo, kwa upendo. Wengi wenu hamjui kilichoandikwa katika mkataba wenu, na wengine hamna nakala yake. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba mwajiri akimwondoa mtu mwenye mkataba usio na mwisho, lazima awe na sababu ya kweli, na lazima atoe taarifa ya siku zisizopungua 14 za kazi, zikiongezwa siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Aliyetumikia miaka 6 ana siku 56 za kazi, au malipo yake. Kama watu wanapunguzwa kwa sababu ya uchumi, mwajiri hachagui kwa kupenda sura: sheria inataka waangalie ujuzi, miaka ya kazi na mzigo wa jamaa, na wajumbe wa wafanyakazi wapewe habari kwa maandishi. Mwezi uliopita kijana mmoja wa kikundi chetu alikuwa karibu kutia sahihi karatasi isemayo kwamba ameondoka mwenyewe, kwa kuwa aliambiwa kwa upole na mtu aliyemheshimu. Yaya yake alimnyang'anya kalamu. Karatasi ile sasa iko kwa mkaguzi wa kazi, nasi tunangoja.

Jumamosi ijayo, baada ya mazoezi ya kwaya, tutakutana katika chumba cha katekesi. Kila mwenye mkataba aulete, hata kama ni wa miezi mitatu, hata kama umechakaa. Asiye na nakala aje pia, tutaandika pamoja barua ya kuiomba. Wazee wawili waliofanya kazi Gécamines zaidi ya miaka 25 wamekubali kuja na karatasi zao walizotia sahihi mwaka 2003. Wanazitunza katika mfuko wa plastiki ndani ya sanduku, na wameomba watakaozishika wanawe mikono kwanza.